Cha-cha ya Brussels Mikononi mwa Vijana wa Songea: Mafunzo Niliyopata

Kijana yeyote anayeniomba nimfundishe gitaa hapa Songea, wimbo wa kwanza ninaompa ni "Indépendance Cha Cha" wa Joseph Kabasele na African Jazz. Wengi huja wakitaka nyimbo za harusi za siku hizi au mapambio ya kwaya, na wakisikia kwamba tutaanza na wimbo wa Kongo wa mwaka 1960 hutazamana. Siwalazimishi waupende. Nawaomba wakae nao, rizim kwanza, besi baadaye, solo mwisho kabisa, na wakati vidole vinazoea mimi nawasimulia ulikotoka.

Nimeupiga wimbo huu tangu ujana wangu, kwenye kumbi za mjini, kwenye harusi za Bombambili na Lizaboni, kwenye sherehe za kuwaaga walimu wastaafu. Kila nilipoupiga kwa makini umenifunza jambo. Haya ndiyo mafunzo yenyewe. Nayaandika kwa ajili ya vijana hao, na kwa yeyote anayependa muziki wa dansi na angetaka kujua ulipita njia zipi hata ukatufikia huku kusini mwa Tanzania.

1. Anayetunga ugenini huwatungia walio nyumbani

Mwezi Januari 1960 serikali ya Ubelgiji iliwaita Brussels viongozi wa vyama vya siasa vya Kongo kwa mazungumzo yaliyojulikana kama Mkutano wa Meza ya Duara. Mkutano ulifunguliwa tarehe 20. Patrice Lumumba hakuwepo, kwa kuwa alikuwa gerezani kule Kongo. Wajumbe wenzake, hata wale ambao hawakuwa wa chama chake, walikataa kuendelea bila yeye, akaachiwa, akafika Brussels tarehe 26. Kesho yake ikakubaliwa siku ya uhuru: 30 Juni 1960. Nchi kubwa namna hiyo ilipewa miezi mitano ya kujiandaa.

Katika baridi hiyo ya Januari ndipo African Jazz ilipotua. Thomas Kanza, msomi kijana wa Kikongo aliyekuwa akiishi Brussels, anatajwa kuwa ndiye aliyepanga bendi iletwe, ili wajumbe wawe na muziki wa kwao jioni baada ya mabishano ya mchana. Kabasele, ambaye mashabiki walimwita Grand Kallé, alikuja na Nicolas Kasanda, yule Docteur Nico, kwenye gitaa la solo. Kaka yake Nico, Déchaud, kwenye rizim. Roger Izeidi kwenye manyanga na sauti. Na Petit Pierre kwenye tumba. Mwishoni mwa mwezi huo, ndani ya Hoteli Plaza, wakaupiga wimbo mpya.

Hapo ndipo funzo langu la kwanza lilipo. Watu hawa wamevuka bahari. Wameona theluji, wameona majumba ya mfalme, wameona treni za umeme zikipita katikati ya barabara. Mtunzi wa kawaida angeliimba hayo yote. Katika wimbo wao Brussels inaonekana kwa kitu kimoja tu, ile Meza ya Duara, na hiyo nayo inatajwa kwa sababu ndipo palipoamuliwa mambo ya nyumbani. Kilichobaki ni furaha, vyama na majina ya viongozi. Wanawaambia watu wa miji ya Kongo, Léopoldville, Stanleyville na Élisabethville: tumepata.

Vijana wangu wanapojaribu kutunga, wengi huanza na mambo waliyoyaona Dar es Salaam au waliyoyatazama kwenye simu. Ninawauliza: ukiwa Dar, unamkumbuka nani wa hapa Songea? Mtungie huyo. Nimeona nyimbo nzuri zikizaliwa kutokana na swali hilo, na nyingine zimeshaingia kwenye orodha ya bendi yetu.

2. Ugenini huwapatanisha mahasimu wa nyumbani

African Jazz ilikuwa na mpinzani mmoja mkubwa pale Léopoldville, bendi ya OK Jazz ya mpiga gitaa Franco. Mji mzima uligawanyika kati ya hao wawili, kama mashabiki wa Simba na Yanga. Lakini kikosi kilichokwenda Brussels kilikuwa na watu wawili wa OK Jazz: mwimbaji Vicky Longomba na mpiga besi Armand Brazzos. Sauti unazozisikia zikipokezana kwenye santuri ya wimbo huo ni za kambi mbili zilizokuwa zikigombea mashabiki wale wale kila Jumamosi.

Vijana humjua Awilo Longomba, na huijua pia "Vuta Pumz" ya akina Longombas wa Nairobi. Ninapowaambia kwamba Awilo ni mtoto wa yule mzee anayeimba ndani ya "Indépendance Cha Cha", na kwamba Longombas ni wajukuu zake, wimbo hubadilika masikioni mwao papo hapo. Ukoo mmoja umetoka kwenye Meza ya Duara hadi kwenye disko za Nairobi. Tangu nilipoanza kuwaeleza hilo, hakuna aliyeniuliza tena kwa nini tunapiga wimbo wa kale.

3. Cha-cha ilikuwa imeshasafiri kabla ya Kabasele kupanda ndege

Hili ndilo funzo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa vizuri, na ningependa kulikalia.

Cha-cha ilizaliwa Havana, Cuba, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mpiga fidla aliyeitwa Enrique Jorrín, wa Orquesta América, aliona wachezaji wanahangaika na midundo ya ule mtindo uitwao mambo, iliyojaa mikato, akarahisisha. Wimbo wake "La Engañadora" ulirekodiwa mwaka 1953 na ukawa ndio mlango wa mtindo huo. Mwenyewe alieleza kwamba jina alilipata kwa kusikiliza miguu: wachezaji walipochukua zile hatua tatu za haraka, viatu vilikwaruza sakafu cha-cha-cha. Mtindo uliopewa jina na nyayo za wachezaji wake! Kila ninapolifikiria jambo hilo huwa nafurahi.

Lakini cha-cha nayo ina wazazi. Nyuma yake kuna muziki wa son, na nyuma ya son kuna ngoma za Waafrika waliopelekwa Cuba utumwani. Wengi wao walitolewa katika bonde la Kongo, na utumwa kule haukufutwa mpaka mwaka 1886. Zile tumba ndefu zinazopigwa kwa viganja, ule mtindo wa mmoja kuimba na wengine kuitikia, ule mkato wa vijiti wenye mapigo matano, matatu upande huu na mawili upande ule, vyote vilivuka bahari ndani ya watu ambao hawakuruhusiwa kubeba chochote mikononi.

Halafu vikarudi. Mwaka 1930 bendi ya Don Azpiazu ilirekodi New York wimbo wa Moisés Simons uitwao "El Manicero", unaohusu muuza karanga. Ukaenea dunia nzima. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ya HMV ikaanza kutoa kwa ajili ya Afrika mfululizo wa santuri za Kicuba zilizokuwa na herufi GV kwenye lebo, nao uliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Santuri za GV zilifika Léopoldville, Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar. Watu walizisikia wakaona ziko karibu nao kuliko muziki wa dansi wa Kizungu. Hawakujua Kihispania, lakini miili yao ilijua pa kukanyaga.

Kwa hiyo Kabasele alipopiga cha-cha pale Hoteli Plaza, mbele ya Wabelgiji na wajumbe wa Kongo, alikuwa akipiga muziki ambao babu wa mababu wa Wakongo waliuanza, watumwa wakauvusha, Wacuba wakaulea, Waingereza wakauuza, na vijana wa Léopoldville wakaununua kwa mshahara wao. Sasa unatangaza uhuru ndani ya mji mkuu wa mkoloni. Tukifika hapa darasani huwa naweka gitaa chini kidogo. Sijapata kuona safari ya wimbo iliyo ndefu kuliko hii.

4. Rizim kwanza

Mwanafunzi akisikia Docteur Nico mara ya kwanza hutaka solo leo hii hii. Ni haki yake, kwa maana Nico ana vidole vinavyoongea. Kila sauti iko safi na inasimama peke yake. Mtu huyu alisomea ualimu wa ufundi, na mimi nauona utaratibu wa fundi katika upigaji wake: hakuna msumari wa ziada.

Hata hivyo nawaambia wamsikilize Déchaud. Katika bendi ya Cuba, kazi ya kuzungusha kipande kifupi cha muziki tena na tena, ili wachezaji wapate pa kusimama, ni ya piano, au ya lile gitaa dogo la nyuzi jozi waliloliita tres. Bendi zetu za Afrika hazikuwa na piano za kubeba kutoka ukumbi hadi ukumbi. Wakongo wakaikabidhi kazi ile kwa gitaa la rizim. Déchaud anazunguka mahali pamoja, hachoki, hapandishi sauti, na juu ya mzunguko huo wenzake wa sauti na mdogo wake wa solo wanafanya wanavyotaka. Kodi zenyewe za gitaa ni chache. Ugumu uko kwenye kuzirudia bila kuharakisha na bila kulegea.

Kijana mmoja wa Mjimwema alinilalamikia: "Mwalimu, hii rizim inachosha. Mtu hasikiki."

Nikamwambia, "Basi nyamaza kidogo, mwanangu, tuone."

Akanyamaza katikati ya wimbo. Mpiga solo akapotea, tumba zikabaki kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu, na mama mmoja aliyekuwa anapita nje akichungulia akauliza kama umeme umekatika. Leo kijana huyo ndiye mpiga rizim bora tuliye naye, na akina mama wanaokodi bendi kwa ajili ya harusi huuliza kwanza kama yumo.

Kwa wanaotaka kujifunza wenyewe, njia ninayoitumia ni hii. Gonga meza kwa mkono wa kushoto: moja, mbili, tatu, nne, polepole. Mkono wa kulia uingize zile hatua tatu kuanzia kwenye nne: nne-na-moja. Ukishaweza kuongea na mwenzako huku mikono inaendelea, shika gitaa. Kabla ya hapo gitaa litakudanganya.

5. Hata aliyeikosa meli huweza kuimba Cuba

Tanzania tuna kisa chetu, nacho hakisimuliwi vya kutosha. Salum Abdallah wa Morogoro aliupenda muziki wa santuri za Kicuba kiasi kwamba, inasimuliwa, akiwa kijana alitoroka nyumbani akiwa na nia ya kwenda Cuba kwenyewe. Alifika Mombasa, na safari ikaishia hapo. Akarudi Morogoro. Mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Cuban Marimba Band.

Jina la bendi lilikuwa la mbali, nyimbo zilikuwa za hapa hapa. Aliimba Kiswahili chepesi chenye methali na mafumbo, mapenzi, wivu, sifa za wanawake, habari za uhuru. Santuri zake nyingi zilitolewa na lebo ya Mzuri huko Mombasa, mji ule ule uliomkatia safari yake. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, bado kijana, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi.

Ninawalinganisha Kabasele na Salum mara kwa mara. Mmoja alipanda ndege, akafika Ulaya, akaandika wimbo wa nyumbani. Mwingine hakuvuka bahari kamwe, akatumia midundo ya ng'ambo kuimba Morogoro. Wote wawili walifika mahali pamoja. Kwa kijana wa Songea ambaye hana pasi ya kusafiria, kisa cha Salum ni cha kutia nguvu. Na asikate tamaa ya kusafiri pia: Morogoro hiyo hiyo ilimtoa Mbaraka Mwinshehe, naye mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz hadi Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka.

6. Songea tulikuwa tumeshayazoea mambo ya kusafiri na ngoma

Wageni wengi hufikiri muziki wa dansi ulitufikia huku kama mvua inayotoka mbali, sisi tukiwa tumekaa tu. Historia ya mkoa huu inasema vingine. Wangoni wenyewe walifika hapa kwa safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19. Baada ya Vita vya Majimaji, na hasa wakati wa Waingereza, wanaume wa Songea walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengine wakaelekea kusini kutafuta kazi migodini. Waliporudi walirudi na blanketi, baiskeli, cherehani, na wenye bahati wakarudi na gramafoni.

Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wa hao wa mkonge. Ndiye aliyenifundisha kugeuza sindano na kuuzungusha mpini wa gramafoni bila kuukaza mno. Alipenda kusema kwamba huko kambini Wamakonde, Wabena, Wangoni na Wanyamwezi hawakuelewana lugha za nyumbani wala chakula, ila ikiwekwa santuri ya Salum Abdallah jioni, kila mtu alijua cha kufanya.

Tena tulikuwa na mganda. Watu wa ukanda wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay na kuendelea, pamoja na majirani zao Wamatengo na Wangoni, wamecheza mganda kwa vizazi kadhaa. Wanaume wanavaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wanajipanga mistari, wana viongozi wenye vyeo kama vya jeshini, wanakwenda hatua kwa hatua na ngoma kubwa, kisha wanageuka wote kwa pamoja. Ngoma hiyo iliumbwa na watu walioona gwaride la kikoloni wakalichukua, wakalifanya lao, wakaweka ndani yake mzaha, majigambo na mashindano ya kijiji na kijiji.

Mimi naamini, na wazee niliocheza nao wanakubaliana nami, kwamba mtu aliyezoea mganda hapati tabu na cha-cha. Miguu yake tayari inajua kuhesabu, kusimama kwa adabu, kugeuka bila kumkanyaga jirani. Mwaka fulani kwenye harusi ya Peramiho nilimwona mzee mmoja akitoka kwenye kiti chake tulipoanza "Indépendance Cha Cha". Alicheza mguu wa mganda moja kwa moja juu ya cha-cha, mgongo wima, mkono mmoja nyuma, na hakukosea pigo. Vijana walimzunguka wakipiga makofi. Nilimfuata baadaye nikamwamkia.

"Shikamoo babu. Hii cha-cha umejifunzia wapi?"

"Marahaba. Cha-cha ipi? Mimi nimecheza ngoma yangu, ninyi ndio mmenifuata."

Sijapata mwalimu wa muziki aliyenieleza vizuri kuliko hapo.

7. Wimbo wa kuchezwa unaweza kubeba habari nzito

Kuna watu wanaodhani muziki wa dansi ni wa starehe tu na mambo mazito yaachiwe kwaya na mashairi. "Indépendance Cha Cha" ndiyo jibu langu. Ni orodha ya habari. Vyama vinatajwa, viongozi wanatajwa, tukio linaelezwa, na watu wanacheza. Redio ya Léopoldville ilikuwa na mitambo yenye nguvu, hivyo wimbo ulivuka mipaka ya Kongo upesi, na sehemu nyingi za Afrika zilizokuwa bado zinasubiri uhuru wao watu waliuchukua kama wa kwao, hata kama hawakujua Kilingala. Sisi Tanganyika tulikuwa tunausubiri wa Desemba 1961.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba wimbo unawataja pamoja watu ambao baadaye hawakuweza kukaa pamoja. Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Bolikango, Tshombe, wamo wote, kila mmoja akipewa heshima yake kwenye mdundo ule ule. Uhuru ukaja 30 Juni. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kulitenga jimbo la Katanga. Agosti Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini. Septemba Rais Kasavubu akamfukuza Lumumba kwenye uwaziri mkuu. Tarehe 17 Januari 1961, kabla haujatimia mwaka tangu Hoteli Plaza, Lumumba akauawa Katanga.

Ukiyajua hayo, furaha iliyomo ndani ya wimbo inakuwa na uzito mwingine. Ile ni sauti ya watu wakiwa katika wiki moja njema ya umoja wao, na bahati nzuri bendi ilikuwepo. Mimi huwakataza vijana kuupiga kwa huzuni kwa sababu ya yaliyofuata. Kabasele hakuutunga kwa huzuni. Upigwe kama ulivyokuwa jioni ile, kwa moyo mweupe, na anayecheza achukue anachokijua.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2010, msanii Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, aliutengeneza upya na kuuongezea jina la Kiswahili: "Siku ya Baadaye". Anauliza yaliyotokea baada ya sherehe. Nawasikilizisha vijana nyimbo zote mbili, mmoja baada ya mwingine, wa Kabasele kwanza. Huwa hawaongei kwa muda, halafu maswali yanaanza, na siku hiyo hatupigi tena gitaa. Tunazungumza Kongo mpaka giza linaingia.

8. Usiharakishe

Hili ni fupi. Cha-cha ina mwendo wake. Vijana wa sasa wamelelewa na singeli na bongo fleva, na mkono wao unataka kukimbia. Ukiikimbiza cha-cha, zile hatua tatu zinabanana na mchezaji anakosa nafasi ya kugeuza kiuno. Anayepiga tumba ndiye mlinzi wa mwendo. Mpeni mtu mzima, au kijana mwenye moyo wa mtu mzima. Na mkiwa harusini, msiupige wimbo huu usiku wa manane. Upigeni mapema, baada ya chakula, kabla wazee hawajaondoka.

9. Santuri haziishi milele

Songea na vijiji vyake, kule Peramiho, Namtumbo, Mbinga hadi Mbamba Bay, bado kuna masanduku ya santuri chini ya vitanda. Nimeyaona. Nimekuta za Kicuba zenye GV, za Mzuri, za Kikongo zenye lebo zilizofutika. Nyingi za zile za zamani, zinazozunguka kwa kasi ya 78, zimetengenezwa kwa utomvu mgumu unaovunjika kama sahani ya udongo. Masika yetu ni marefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na unyevu huotesha ukungu kwenye mifereji ya sauti. Panya wanakula makasha ya karatasi, na yakiliwa, majina ya wanamuziki na mwaka wa kurekodi hupotea pamoja nayo.

Mambo yanayosaidia ni rahisi. Zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine. Ziwe juu, mbali na sakafu, mahali ambapo hewa inapita. Zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, na zile za zamani zisioshwe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha utomvu ule. Kama sindano ya gramafoni imechakaa, msilazimishe kuzipiga. Inachimba mfereji na kuharibu kilichobaki. Andikeni kwenye daftari kilichoandikwa kwenye kila lebo, pamoja na jina la aliyeinunua na alikoinunua, maana njia iliyopitwa na santuri ni sehemu ya historia yake.

Na kabla ya kumuuzia mtu anayepita akinunua vitu vya kale, waiteni vijana wanaopiga muziki karibu yenu. Mwaka huu mama mmoja wa Ruhuwiko alituazima sanduku la marehemu mumewe kwa mwisho wa wiki moja. Tulizirekodi santuri zote kwenye kompyuta, tukamrudishia zikiwa safi pamoja na nakala ndani ya simu yake. Kati ya hizo kuna cha-cha ya Kiswahili ambayo lebo yake imebanduka, sauti tatu na magitaa mawili, mpiga rizim akizunguka mahali pamoja bila kuchoka. Hatujamtambua. Vijana wanaendelea kuuliza, ukumbi kwa ukumbi, mzee kwa mzee, na wimbo wenyewe wameshaanza kuupiga.